Kalamu isiwe ya mkubwa peke yake

Ukitaka kuijua hali ya shule yoyote ile, usianze kwa kuyatazama matokeo ya mtihani yaliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ingia katika chumba cha walimu saa nne ya asubuhi, wakati wa chai, usubiri mwalimu mkuu aingie. Kuna shule ambako maongezi huendelea, na mkuu akavuta kiti akajiunga nayo. Na kuna shule ambako maongezi hukatika ghafla, kila mtu akajitia kusahihisha madaftari, na chai ikapoa vikombeni. Katika shule za namna hii ya pili walimu wana mengi ya kusema lakini hayasemwi, na hayo yasiyosemwa ndiyo ninayokusudia kuyajadili leo.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba tatizo la mkubwa wa kazi anayewanyanyasa walio chini yake si la walimu pekee. Lipo hospitalini, lipo bengini, lipo viwandani, na katika vyuo vikuu tunamojidai kuwa na elimu lipo vilevile. Hata hivyo nitasema ya shuleni, kwa sababu ndiko nilikoanzia kazi, na ndiko nilikofanya kosa ambalo hadi leo sijalisahau.

Mwaka 2004 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya upili ya mashambani. Mwenzangu aliyefundisha Kemia alimwendea mkuu wa shule Jumatano moja kuomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi sita katika kongamano la sayansi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri zamu yangu, nimekumbatia madaftari ya Kidato cha Pili. Mkuu hakuinua hata uso. Alisema, "Nendeni, hiyo ni kazi yako." Wakaenda. Waliporudi baada ya siku mbili, mwenzangu alikuta mezani pake barua ya kumtaka aeleze kwa nini alitoroka kazini na kuwaondoa wanafunzi shuleni bila idhini.

Sote tulijua chanzo. Majuma mawili kabla ya hapo, mwalimu huyo alikuwa ameuliza mkutanoni pesa za maabara zilitumika vipi. Jioni ile alikuja nyumbani kwangu, akaketi, akaniomba jambo moja tu: niandike mistari miwili kueleza nilichokisikia pale mlangoni. Nilikuwa sijathibitishwa kazini, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nilimwambia kwamba sikusikia vizuri. Alinitazama, akamaliza chai yake, akaaga. Kabla ya muhula kwisha alikuwa ameandika barua ya kujiuzulu, na wanafunzi wa Kidato cha Nne wakaufanya mtihani wa KCSE bila mwalimu wa Kemia.

Siyasimulii haya ili nijitakase. Nayasimulia kwa sababu tunapozungumza juu ya wakuu wabaya huwa tunawalaani wao peke yao, ilhali mkuu mmoja hawezi kuwatisha walimu ishirini bila ya wengi miongoni mwao kumsaidia kwa kunyamaza. Mkuu yule alikuwa na barua iliyopigwa muhuri, na mwenzangu alikuwa na maneno matupu yaliyokwisha kupotea hewani. Aliyekuwa na kalamu alishinda, na mimi niliyeombwa niishike kwa dakika mbili tu nilikataa.

Mambo haya yana historia ndefu katika nchi yetu, na sehemu ya historia hiyo imehifadhiwa katika msamiati wetu. Chukua neno mnyapara. Katika karne ya 19 wanyampara walikuwa viongozi wa misafara ya Wanyamwezi iliyosafiri baina ya bara na pwani. Kwao neno hilo lilihusu mzee mwenye kuheshimiwa, mtu wa kutoa shauri. Huyu alitembea na wapagazi wake, aliwatetea katika mapatano ya ujira, na alijua fika kwamba akiwadhulumu watatua mizigo yao usiku na kutokomea porini. Kisha ukaja ukoloni. Katika mashamba ya walowezi nchini Kenya mnyapara akawa ni msimamizi anayewasimamia wenzake kwa niaba ya bwana shamba, akiwafokea na kuwaharakisha. Hakuwa tena na haja ya kupendwa na aliowaongoza, kwa kuwa cheo chake hakikutoka kwao. Neno ni lile lile, ila uso wake umegeuka: kwanza uliwatazama watu, kisha ukamtazama bwana.

Pamoja na mnyapara kilikuja kipande. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika aliyekomaa alitakiwa kuwa na cheti chenye alama za vidole vyake na orodha ya kazi alizofanya. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Tajiri ndiye aliyeandika ndani yake. Mfanyakazi akiondoka kabla ya tajiri kutia sahihi ya kumwachilia, alihesabiwa kuwa mtoro na aliweza kushtakiwa. Tuzingatie jambo hili: mwenye kipande alikibeba kila aendako, lakini hakuwa na ruhusa ya kuandika ndani yake hata neno moja. Wakubwa wa kazi walijua tangu zamani kwamba anayeandika ndiye anayetawala. Sisi tulio chini ndio tuliochelewa kulijua hilo.

Kabla sijasema la kufanya, lazima tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Mkuu mkali si lazima awe mkuu mbaya. Mwalimu anayechelewa kila Jumatatu akikaripiwa, hajanyanyaswa. Anayeingia darasani bila maandalio akitakiwa kuyaleta, hajaonewa. Mkuu mkali ana kanuni, na kanuni yake ya Jumatatu ndiyo ya Ijumaa. Humhusu shemeji yake kama inavyomhusu mgeni, na anapokosoa hukosoa kazi, tena faraghani. Mkuu mnyanyasaji hana kanuni bali ana hali ya moyo. Lililoruhusiwa jana leo ni kosa, na anapokosoa huacha kazi na kumshika mtu mwenyewe: kabila lake, ndoa yake, mavazi yake, chuo alichosomea.

Lugha yake nayo humtambulisha. Sikiliza viwakilishi vyake vya nafsi: shule ikifaulu husema "mimi", ikianguka husema "nyinyi", na wakati wa michango husema "sisi". Sikiliza pia vitenzi vyake. Hapendi kusema "nimeamua", kwa sababu mwenye kuamua aweza kuulizwa sababu. Husema "imeamuliwa" au "imeonekana kwamba", na ile -w- ndogo ya kauli ya kutendwa humficha mtenda kama mtu aliyejibanza nyuma ya pazia. Mbele ya wanafunzi humwita mwalimu mwenye watoto watatu "kijana", au "wewe msichana". Na jambo kubwa kuliko yote, amri zake nzito huzitoa kwa mdomo, na adhabu zake huzitoa kwa barua.

Basi mwalimu aliyepatwa na mkuu wa namna hii afanye nini? Wako wanaoshauri uvumilivu, wakisema mwenye nguvu mpishe. Sikatai kwamba yapo ya kupisha. Si kila neno la ukali linahitaji vita, na mtu akiyabeba yote moyoni hataweza kufundisha. Lakini kupisha kusikokuwa na mpaka huwa ni kumfundisha mkubwa kwamba njia yote ni yake.

La kwanza ni kujikagua na kujiandaa. Maazimio ya kazi yawe tayari, rekodi za kazi zijazwe, alama za wanafunzi ziwasilishwe kwa wakati, na saa ya kufika iwe ni saa ya kufika. Mkuu mwenye chuki hutafuta ufa, na ni ujinga kumchongea ngazi. Vivyo hivyo katika tathmini ya utendakazi ya TPAD, iliyoanza kutumika nchini kote mwaka 2016, mwalimu hujitathmini kabla ya kutathminiwa na msimamizi wake. Nafasi hiyo asiijaze kwa kubahatisha. Aweke ushahidi wa kazi yake, na akipewa alama asizozielewa aombe maelezo siku hiyo hiyo.

La pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni mali. Uwe na kijitabu kinachokaa nyumbani, si katika meza ya shule. Kila linapotokea jambo, andika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, na waliokuwapo. Usiandike "alinitukana". Andika tusi lenyewe. Usiandike "kila mara". Andika ni mara ngapi na lini. Usitie chumvi, kwa kuwa kumbukumbu moja ya uongo huziua kumi za kweli.

Ukipewa amri nzito au ruhusa kwa mdomo, irudishe kwa maandishi kwa adabu. Lau mwenzangu angaliacha karatasi ndogo kwa karani siku ile, akabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, mambo yake yangalikuwa mengine. Haikuhitaji ufasaha wowote: "Kwa Mwalimu Mkuu. Asante kwa mazungumzo yetu ya leo asubuhi ambapo uliniruhusu kuwapeleka wanafunzi sita kongamanoni Alhamisi na Ijumaa. Tutarejea Ijumaa jioni. Iwapo nimeelewa vibaya, naomba unijulishe kabla hatujaondoka." Hakuna ujeuri katika maneno hayo wala tuhuma. Lakini mkuu akiisha kuyapokea, hawezi tena kusema hakuambiwa. Siku hizi hata arafa au barua pepe hutosha, mradi uihifadhi.

La tatu ni kutokuwa peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiitwa ofisini kwa jambo zito, omba kuingia na mwenzako au mwakilishi wa chama. Walimu wa nchi hii wana KNUT tangu mwaka 1957, na wale wa shule za upili wana KUPPET pia, lakini wengi hukumbuka ada inayokatwa kwenye mshahara na kusahau huduma wanayoilipia. Jihadhari hata hivyo usije ukadhani kwamba kulalamika katika kundi la WhatsApp ni kutafuta msaada. Maneno ya kundini hayana siri, na aghalabu humfikia mkuu kabla ya kengele ya jioni, yakiwa yametiwa viungo.

La nne ni kuijua sheria, ambayo wengi wetu tunaiogopa kwa sababu hatujaisoma. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Kifungu cha 47 kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa au huenda ikaathiriwa na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendakazi duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi huyo aruhusiwe kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo. Sheria hiyo inasema pia kwamba kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kufutwa, isipokuwa mashtaka yakiwa ya kiholela na yasiyo na msingi. Na mahakama ya ajira ikiona kwamba mtu amefutwa isivyo haki, yaweza kumpa fidia inayofikia mshahara wa miezi kumi na miwili.

Kama mwanaisimu, sharti la "lugha anayoielewa" linanifurahisha mno. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi kwa mujibu wa Katiba hiyo hiyo. Mwalimu anayehisi kwamba hasira zake hazitoki sawasawa kwa Kiingereza na aandike malalamiko yake kwa Kiswahili sanifu, ayapeleke kwa bodi ya shule, kwa afisi ya kaunti ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, au kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo tangu mwaka 2011 imepewa jukumu la kusikiliza malalamiko dhidi ya maafisa wa umma. Apande ngazi hatua kwa hatua, na kila hatua abaki na nakala.

Kwamba neno lililoandikwa kwa lugha ya watu laweza kuwapa nguvu si ndoto yangu. Jirani zetu Tanzania walilishuhudia. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma kwa Kiswahili, wakaielewa, wakaanza kuwauliza mameneja wao: je, hili ufanyalo lapatana na ibara ya 15? Kati ya mwaka huo na 1973 viwanda kadhaa vya Dar es Salaam viliona migomo ambayo haikudai mishahara bali heshima. Ni kweli kwamba serikali ilichoshwa na migomo hiyo, na wapo wafanyakazi waliofukuzwa. Lakini somo lilibaki: dhuluma iliyopewa jina na ikaandikwa haiwezi kuendelea kuitwa kawaida.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawapa walimu matumaini ya bure. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi, ambaye mkataba wake ni wa muhula mmoja, yuko hatarini kuliko yule aliye na nambari ya TSC na mshahara wa kudumu. Huyo akiandika barua ya malalamiko huenda asirudi muhula ujao. Hali kadhalika mwanafunzi wa ualimu aliye katika mazoezi ya kufundisha, ambaye alama zake zimo mikononi mwa shule. Kwa watu hawa ninasema: andikeni kijitabu chenu hata kama hamtakitumia leo, tafuteni mtu mzima mmoja wa kumweleza, na mkitakiwa kutia sahihi karatasi msiyoielewa, ombeni siku moja ya kuisoma. Na ikiwa mwili umeanza kukataa, usingizi umetoroka, na kila Jumapili jioni tumbo linasokota kwa sababu kesho ni Jumatatu, basi kuomba uhamisho au kuondoka si kushindwa. Ila mtu asijiuzulu kwa hasira ya siku moja, kwani barua ya hasira ni rahisi kuiandika na ni vigumu kuirudisha.

Sasa niwageukie wakuu, nami nikiwamo. Miaka michache iliyopita nilikuwa mwenyekiti wa idara. Siku moja nilimwita mhadhiri msaidizi nikamwambia, "Imeamuliwa kwamba utafundisha kozi tatu muhula huu." Alitoa daftari akaandika tarehe na maneno yangu. Hasira ilinipanda. Nilitaka kumwuliza kama ananipeleleza. Kisha nikajisikia nilivyosema: imeamuliwa. Na nani? Na mimi, usiku uliotangulia, bila kumshauri mtu. Niliyoyachukia kwa mkuu wangu wa mwaka 2004 yalikuwa yamehamia kinywani mwangu nami sina habari. Nilimwambia, "Nimeamua mimi, na sababu zangu ni hizi. Una maoni gani?" Alikuwa nayo, tena mazuri, na akaishia kufundisha kozi mbili.

Mkuu mwema haogopi daftari la aliye chini yake. Akisikia limefunguliwa, hupima maneno yake, na maneno yaliyopimwa huwafaa wote wawili. Wakuu wa shule wakumbuke pia kwamba wanatazamwa na wengine kuliko walimu. Mwanafunzi aliye karibu na dirisha huona mwalimu wake akifokewa uwanjani. Kiranja huona, na jioni ile ile huenda bwenini akamfokea mwanafunzi mdogo kwa sauti ile ile. Kwa njia hii wanyapara wa kesho hulelewa shuleni, bila somo lolote kuandikwa kwenye ratiba.

Mwalimu yule wa Kemia nilikutana naye tena miaka mingi baadaye, mjini Nakuru, akiwa mfanyabiashara mwenye duka lake la vitabu. Nilimweleza kwamba siku ile nilisikia kila neno. Alinyamaza kidogo, akaniambia alijua, maana mlango ulikuwa wazi na mimi si kiziwi. Kisha akanionyesha risiti za duka, kila moja na nakala yake ya kaboni, akasema hajatoa wala kupokea kitu tangu siku ile bila karatasi. Alinisamehe, au alisema amenisamehe. Hata hivyo Kemia hakuifundisha tena, na alikuwa mwalimu hodari kuliko mimi.

Mwalimu unayesoma makala haya katika chumba kilichonyamaza, huenda wewe si unayeonewa. Huenda ndiwe uliyesimama mlangoni na madaftari mkononi. Mwenzako akija jioni kukuomba mistari miwili, mwandikie.